Langilangi ya Nyamasaria

Zilikuja kumi na saba, ndani ya karatasi iliyowahi kufunga kaimati,
mbegu bapa, rangi ya kahawa, ngumu kama kucha.
Bi Shekuwe wa Kaloleni alizimimina kiganjani mwangu
akazihesabu mara mbili, kama pesa za chama.
"Wewe unawaotesha watu miti. Nioteshee na huu."

Mimi ni mtu wa mikaratusi na maparachichi ya kupandikiza.
Langilangi sikuwahi hata kuinusa.
Jirani yangu Oguta, muuza mchanga, akacheka:
"Mti wa pwani bila chumvi?
Hili ziwa letu ni la kupikia chai!"
Nami nikatia chumvi kijiko kizima kwenye ndoo.
Mbegu tatu zikaoza.
Hizo ziliuawa na ushauri.

Zilizobaki nikazilaza usiku kucha katika maji ya moto,
nikazifukia kwenye mchanga wa mto na samadi ya mbuzi,
ndani ya pakiti za maziwa zilizotobolewa kwa msumari.
Wiki ya tatu, udongo.
Wiki ya tano, udongo.
Kila Ijumaa baada ya swala Bi Shekuwe alipita,
haulizi, anainama tu, miwani ikimteleza puani.
Wiki ya saba kitu kikajikunja juu
kama shingo ya mtu anayetafuta kiatu uvunguni.

Miche minne.
Mmoja ulikwenda na mbuzi.
Miwili niliing'oa kwa pupa ya kuihamisha;
sikujua kwamba mzizi wake ni mmoja, mrefu, wenye kiburi,
ukiukata haukusamehe.
Wa mwisho nikaupasulia pakiti kwa wembe
nikaubeba na udongo wake wote, kama mtoto aliyelala,
mpaka uani kwake, nyuma ya tangi,
kwenye ule udongo mweusi
ambao Januari hupasuka ukameza mkono.

"Harufu yake ikoje?" nilimuuliza siku hiyo.
Akafikiri mpaka chai ikapoa.
"Utaniambia wewe."

Mwaka wa tatu uchanua,
maua ya kijani, yamelegea kama tambi zilizosahauliwa sufuriani,
hayana maana yoyote.
Kisha yakaiva manjano, na magharibi moja
mtaa mzima ukageuza shingo.
Bi Shekuwe akachuma moja, akalileta puani, akangoja.
Pua yake, akasema, ilikufa na ile homa;
tangu hapo hata karafuu ni kijiti tu.
"Haya. Niambie."

Nikanusa. Nikaona aibu ya kusema kweli.
"Kama nguo za harusi
zilizofungiwa sandukuni na ndizi mbivu."
"Ndizi!" Akacheka hadi akashika ukuta.
"Ndiyo hiyo. Wallahi, ndiyo hiyo hasa."
Akalichomeka kwenye mtandio.

Sasa shore wanagombania tunda zake nyeusi; nimetandaza wavu.
Oguta anataka mche wa kupanda langoni.
Nimemtajia bei.
Chumvi aje na yake.