Subiri Mshale Utulie

Jina la ugonjwa lilizaliwa hapahapa, juu ya uwanda wetu.
Dunia nzima inalitamka kwa lugha ya bibi yangu:
kile kinachomkunja mtu.
Sijui kama hilo ni la kujivunia.

Homa ilikaa siku sita.
Mbu hakuomba ruhusa, homa nayo haikuaga,
ila iliacha kitu kwenye vifundo vya miguu,
kama mgeni aliyesahau viatu mlangoni
na sasa unajikwaa navyo kila ukitoka.

Mimi ni karani wa mizani, mwaka wa kumi na moja huu,
chama cha msingi, Kitangari, ghala la bati jekundu.
Mizani yetu ni ile ya zamani, ya mshale;
ya namba za kijani ilikufa msimu wa kwanza.
Kila siku nawaambia wakulima,
wenye haraka, wenye jasho, wenye shaka na mimi:
subiri mshale utulie, ndipo nisome.
Sabini na nane. Andika. Mwingine.

Mwezi wa kumi niliinama kusoma gunia la Chitanda,
sakafu ya saruji ikateleza kidogo kushoto,
yenyewe.
Nikashika gunia. Gunia likanishika.
Mtu wa nyuma akacheka: "Uraka wa mwaka huu mkali!"
Mabibo yameiva kila kona, nani angebisha?
Mimi, ambaye sijaonja uraka tangu niolewe.

Hospitali ya wilaya, Newala, chumba cha mwisho kabisa,
kijana wa mazoezi ya viungo, Lihumbo, akaniambia:
simama mguu mmoja. Haya, fumba macho.
Nikafumba.
Nikamwangukia kama kanga iliyokatikiwa kamba.
"Macho ndiyo yaliyokuwa yanakubeba," akasema.
"Miguu imesahau kuisikiliza ardhi. Tuifundishe."

Basi alfajiri, kabla ya moto,
nasimama jikoni, kidole kimoja ukutani,
kisigino mbele ya vidole, kama ninayepima kiwanja kwa nyayo.
Somoe anahesabu, mswaki mdomoni:
moja, mbili, tatu, nne,
mama, umegusa, usidanganye,
moja.

Mimi, niliyekuwa nikipanda kutoka bondeni na ndoo ya lita ishirini,
mikono ikining'inia, shingo ikielewana na maji,
nikigombana na wifi yangu njia nzima
bila tone kumwagika!
Nani alikuwa akinishika siku zile?
Sikuwahi kumuuliza. Sikujua hata kama yupo.

Jana ghala lilikuwa tupu, mnada umeahirishwa.
Nikavua kandambili, nikapanda juu ya bamba,
pale yanapolala magunia.
Mshale ukaenda hamsini na nne, ukarudi,
ukaenda tena, ukarudi,
mkia wa mjusi aliyekanyagwa.
Huo ndio mtikisiko ambao daktari hauoni,
ambao mume wangu anauita wasiwasi;
huo hapo, unaonekana, unasomeka.
Nikacheka peke yangu, na kicheko nacho kikautikisa.

Geti likagongwa.
Mtu ana gunia moja kwenye baiskeli,
anauliza kama leo tunapokea.
"Subiri," nikajibu kutoka ndani,
miguu mitupu juu ya chuma baridi.
Sikumwambia nasubiri nini.