Fito Kumi na Sita

Thunder Bay, Januari, digrii ishirini na nane chini ya sifuri,
na mlango wa gereji umegandia kizingiti.
Eino Lahtela kaliburuta gari lake kwa mnyororo,
kashuka, kavua glavu moja tu,
kanipa maneno manne:
"Inagonga. Upande wa kushoto."

Injini hii niliiunda mimi.
Oktoba niliikabidhi ikinguruma kama paka aliyeshiba.
Sasa naisikiliza kwa bisibisi ndefu,
ncha kwenye kifuniko, mpini sikioni:
tak, tak, tak.
Pistoni ingekuwa na kishindo cha mchi.
Mlio huu mwepesi, unatoka juu,
pigo moja kila kranki izungukapo mara mbili.

Nafungua. Ndani ya mafuta mna unga wa chuma,
laini, unaometa, kama wanja uliokosa jicho.
Roka ya sita inalegalega.
Nachomoa fito zote, naziviringisha moja moja
juu ya kioo cha dirisha kuukuu.
Kumi na tano zinapita kimya.
Mmoja unachechemea.

Waylon, mwanagenzi wangu, anafurahi:
"Tununue mwingine, tuuweke, twende nyumbani."
Namwambia, mtu akivunjika mguu
usiufunge tu bandeji, muulize alikuwa anakimbia nini.

Basi tukapaka ncha ya valvu wino mweusi wa kalamu,
tukarudisha ufito mzima na roka yake,
tukazungusha kranki kwa mkono, mara mbili,
polepole, kama anayefungua mlango
wa chumba alimolala mtoto mchanga.
Tukafungua tena.
Roka ilikuwa imejiandikia kila kitu:
alama pana, imekwaruza hadi ukingoni,
upande wa ekzosi,
pale ambapo valvu haishuki ila kwa kusukumwa ubavu,
ikasugua bushi yake mpaka tundu likawa yai.

Nikakaa juu ya ndoo.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo yenyewe ni ovaroli hii
yenye jina langu kifuani, Mwanakheri, kwa uzi mwekundu.

Zile hedi zilikuwa zimepinda. Nikazipeleka kuchongwa,
zikarudi zimepungua unene wa kadi mbili za posta.
Nikalaza gasketi nyembamba kuliko ya kwanza.
Nikarudisha fito zilezile
kwa sababu zilikuwa nyoofu,
kwa sababu urefu ulikuwa umeandikwa kwenye boksi,
kwa sababu ilikuwa Ijumaa.
Ukishusha paa la nyumba, nguzo hazifupiki zenyewe.

Eino alikuwa ameketi kando ya hita na chupa yake ya kahawa.
"Nani kakosea?"
"Mimi."
Akamimina kahawa kwenye kifuniko, akanisogezea.
Akatazama nje, kuelekea maghala ya nafaka
alikofanya kazi miaka thelathini na moja.
"Mimi niliwahi kufunga mlango wa ghala, mtu yumo ndani."
"Alitoka?"
"Alitoka. Mkewe ndiye hajanisamehe."

Tukaweka springi laini za majaribio,
na ufito wa kupimia, wenye uzi katikati,
unaorefuka na kufupika kwa vidole.
Nikaufupisha nusu mzunguko. Wino. Kranki. Tazama.
Nusu nyingine. Wino.
Vidole vikafa ganzi, Waylon akanishikia tochi kwa meno.
Saa mbili usiku alama ikasogea,
ikakonda, ikatulia katikati ya ncha,
nyembamba kama ukucha wa mwezi.

Fito mpya zinatoka Ohio, siku nne kama barabara haina barafu.
Injini imelala wazi chini ya blanketi la Eino.
Waylon alichukua kalamu ile ile
akaandika kipimo ukutani, tarakimu kubwa,
tusije tukasahau.
Nikakifuta kwa kiwiko.
Bado kinasomeka kidogo.