Bamba la Kumi na Saba

Mabamba kumi na tisa nimeyaning'iniza
chini ya gati la Kayenze, kwa kamba ya nailoni,
kila moja na namba yake iliyogongwa kwa tindo,
kila moja nimelikwaruza mwenyewe
kwa ncha ya msumari, sentimita nne,
kama nesi anayemchanja mtoto
huku akisema: pole, ni kwa faida yako.

Ziwa halina chumvi, waliniambia ofisini,
kutu ni shida ya watu wa Tanga.
Nikawapeleka Kirumba kwenye kivuko kilichoegeshwa,
ubavu wake ukibanduka
kama ganda la kiazi kilichochemka.
Maji baridi nayo yana meno,
ila yanatafuna mdomo ukiwa umefumbwa.

Chumba chetu kiko Igogo, nyuma ya duka la rangi la Nkwabi.
Hadubini moja, ya kuazima.
Blenda ya juisi ndiyo kinu chetu:
humo mafuta na maji hugombana
mpaka mafuta yakubali kuwa vitone,
na kila kitone kivae ganda lake,
jembamba kuliko utando wa yai.
Vingapi kwenye kopo moja?
Nyanzobe alijaribu kuhesabu akaishia kucheka.
Tunavikoroga ndani ya rangi, taratibu,
tusije tukavipasua kabla ya siku yao.

Maana siku yao ni siku ya jeraha.
Msumari ukipita, maganda hupasuka,
mafuta huchuruzika ndani ya ufa,
hukutana na hewa, hukaza, hugeuka ngozi.
Tumelelewa na onyo la ufa na ukuta;
hakuna aliyetuambia ufa unafundishika,
ukajiziba wenyewe, usiku, watu wamelala.

Jumanne ile nikalivuta bamba la kumi na saba.
Siku arobaini na moja majini.
Konokono wawili, mzizi wa gugu maji, tope.
Nikalipangusa kwa upindo wa koti.
Mstari wangu haukuwepo.
Nikaviuliza vidole, vidole vikasema hapana.
Nikamwita Lugembe, mchomeleaji,
aje atazame kwa macho yasiyo na mapenzi.

Akaligeuza. Akalinusa. Akaligonga kwa ukucha.
"Likwaruze tena."
"Wapi?"
"Palepale."

Sikutaka. Hata kuandika kilichofuata sitaki,
lakini daftari la maabara halina adabu ya kunyamaza.
Siku ya tisa, kwenye mstari uleule:
kutu, rangi ya chai iliyomwagikia shuka jeupe.
Vitone vya pale vilishapasuka vyote mara ya kwanza.
Havikubakiwa na cha kutoa.

Lugembe akanyoosha mkono wake wa kushoto,
kovu juu ya kovu, miaka ishirini ya cheche.
"Huu haujui kuhesabu," akasema.
"Ukiungua tena, unaanza upya."
Hakuwa anajigamba. Alikuwa ananipa kipimo.

Ndiyo maana usiku huu niko na karatasi,
sichori vitone tena, nachora mishipa,
mifereji ya mafuta ndani ya rangi,
itakayopeleka dawa palepale, mara ya pili, ya tatu.
Au minyororo ya polima inayoachana na kushikana,
kama wapangaji wenzangu wa chumba cha mbele,
wanaovunja ndoa kila Ijumaa
na Jumapili wako kanisani, benchi moja.
Nyanzobe anasema hatuna fedha ya jaribio hilo.
Ni kweli, hatuna.

Dirishani, mawe ya Bugarika yamekaa na nyufa zao.
Yalipasuka kabla ya watu, hakuna aliyeyapaka kitu,
na bado yamebeba nyumba mgongoni.
Sijui kama hilo ni jibu, au ni uvivu wa jiwe.

Bamba la kumi na saba liko mezani.
Kwenye safu ya matokeo nimeandika: Lilipona.
Kisha, kwa kalamu nyingine: Mara moja.