Kiatu cha Kushoto

Huku Leitrim mvua hainyeshi; huishi.
Ina kigoda chake, ina kikombe chake,
na uani kwa Bi Attracta ilikuwa na kitanda.
Oktoba hadi Mei ua mzima uji,
uji wa kijivu usio na sukari,
udongo wa mfinyanzi usiomjua mfinyanzi:
haunywi, hautemi,
umefumba mdomo tu.

Kamba ya nguo, hatua kumi na nne kutoka mlangoni.
Alizihesabu kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.
Shuka ikianguka, basi, ifuliwe upya.
Na mumewe Malachy, Mungu amrehemu,
kila mwaka alisema, "Mwakani patakauka,"
akamwaga mchanga, akamwaga majivu,
akamwaga mbegu za nyasi zilizoota wiki mbili
zikageuka kamasi.

Tulimzika Novemba. Februari simu ikalia:
"Cathal, niletee yale mazulia yako ya kijani.
Najua ni plastiki. Subira nimeimaliza."

Nikamwambia ukweli, hata kama unaniharibia biashara:
nyasi bandia hazinywi tone.
Zulia ni sura; dawa iko chini yake.
Ukilitandika juu ya tope
utapata tope lenye nywele.
Akacheka hadi akashika ukingo wa sinki.

Tukachimba, mimi na Fiachra,
sentimita ishirini, toroli baada ya toroli,
tope likinyonya sepetu kama ndama,
likiiachia kwa mlio wa busu lisilotakiwa.
Siku ya pili, karibu na kamba, sepetu ikagota kitu laini.
Kiatu cha mpira. Cha kushoto. Namba arobaini na nne.
Kimeshindiliwa udongo hadi juu
kana kwamba mguu haujawahi kutoka.

Nilikuwepo siku kilipozama.
Watoto wa jirani tumejipanga ukutani,
Malachy ananing'inia kwenye kamba ya nguo,
soksi moja hewani, anatukana kwa Kiayalandi,
maneno ambayo mwalimu wetu hakuwahi kutufundisha.
Alikitafuta siku mbili.
Kisha akasema: ardhi imekopa, italipa.

Haya. Imelipa.

Bi Attracta alikipokea bila neno, akakiosha bombani
kwa mswaki wa zamani,
polepole, hasa kisiginoni.
Sisi tukarudi mtaroni.

Bomba la matundu, limevishwa kitambaa,
mteremko sentimita moja kwa kila mita
hadi mfereji wa nyuma ya ukuta.
Kokoto tani sita. Juu yake vumbi la mawe, tukalishindilia
hadi vikombe vikacheza kabatini.
Nikaweka pimamaji: kipovu
kikakimbilia upande wa nyumba,
maana yake maji yatakimbilia kwingine.
Ndipo zulia. Tukalikunjua, tukalikata kuzunguka nguzo,
tukalipigilia misumari pembeni.
Kijani cha kupita kiasi,
kijani cha mtu anayeapa kabla hajaulizwa.
Ndege mdogo wa kifua chekundu akatua,
akadonoa mara tatu,
akatutazama.
Sikuwa na jibu la kumpa.

Usiku mvua ikarudi, ikakuta kitanda kimeondolewa.

Asubuhi nikapita kukagua viungo.
Bi Attracta amesimama katikati ya ua kwa ndara za chumbani,
soksi kavu, vibanio vya nguo mdomoni,
na chini ya nyayo zake maji yanasikika yakienda,
sauti ndogo,
kama mtu anayezungumza chumba cha pili.

Kiatu kiko kando ya mlango, wazi kwa mbingu,
kimejaa hadi shingoni.
Nikainama nikimwage, mazoea ya kazi.
Akatoa vibanio mdomoni.
"Hicho kiache," akasema.
"Hicho kisikauke."