Shuka la Mawaridi

Maribor, Jumamosi. Theluji imegoma kuyeyuka.
Zdenka anatundika shuka la mawaridi
mbele ya rafu za chumba cha kufulia:
vibanio vinne, msumari mmoja uliopinda.
Nyuma yake rangi iliyoganda, nyaya,
kiatu kimoja cha kuteleza barafuni
(cha pili, Mungu ajua),
matango ya siki ya mwaka juzi,
na pasi ambayo Bojan aliapa kuitengeneza
kabla hajahamia kwa mwenye duka la maua.

Funika kombe, wifi apite.

Wifi hapiti. Anashika upindo, anapapasa:
"Hii pamba?"

Kutoka rafu ya chini
chupa inabingirika, polepole,
kama iliyosikia jina lake,
ikakoma kwenye kidole cha kiatu chake.

"Matango," asema Zdenka. "Mpelekee kaka yako."