Kadi ya Kwenda Ngudu

Gundi tumepika wenyewe: unga wa muhogo,
maji, moto mdogo, na Minza akikoroga
kama anayewapikia wageni uji.
Ikipoa inanata. Imeshanata tayari
kwenye mkeka, kwenye kiwiko cha Lushinge,
kwenye sikio la paka.

Karatasi ni za kiwandani, zimechapwa upande mmoja.
Msimamizi alisema chukua, zingechomwa tu.
Tunazikata vipande vyembamba, pete ndani ya pete,
na mnyororo unatoka dirishani hadi kwenye msumari wa saa
(saa yenyewe iliuzwa mwezi wa nane).
Shija, anayejifunza kusoma,
anasoma kila pete kabla ya kuifunga:
"Minofu." "Kilo mia nne." "Daraja la kwanza."
Mama, nani alikula kilo mia nne?
Namwambia ni wengi, wako mbali, walikuwa na njaa.
Anafikiri.
Anafunga pete nyingine.

Nyota tunaipamba kwa magamba ya sangara
niliyoyaosha kwa sabuni mara tatu, nikayaanika juu ya bati.
Yanang'aa. Yananuka bado kidogo.
Katika mamajusi wote, paka ndiye aliyefika kwanza.

Lushinge amechora malaika:
mabawa meusi, mapana kuliko kadi,
shingo ndefu nyekundu, kichwa hakina unywele hata mmoja.
"Malaika ana upara?"
"Ni kongoti," anasema, "yule wa jalala la Kirumba.
Wewe umewahi kuona mwingine mwenye mabawa ya kutosha?"
Nimeishi juu ya mawe haya ya Mabatini
miaka thelathini na minne.
Sijaona.

Ndipo Minza, mwiko ungali mkononi:
"Lakini bibi ataionaje?"

Mama yangu. Ukungu ulianza jicho la kulia, mwaka juzi.
Sasa asubuhi anaijua kwa jogoo
na mchana kwa joto la ukuta.

Lushinge halii. Anafumba macho,
anampapasa malaika wake toka kichwani hadi miguuni,
anakuta karatasi tupu.
Basi anaanza upya.

Mabawa: manyoya ya kuku wa jirani, ambaye hakuombwa.
Shingo: kamba ya katani.
Chini anatandaza pamba aliyotutumia bibi mwenyewe
tujazie mto. Kadi za dukani zina theluji,
anasema Shija. Hii imelimwa, namjibu.
Mawe ya Mwanza ni maharage, moja juu ya jingine,
na la juu linadondoka kila akiliweka.
Upara wa malaika
ni kifungo kutoka shati la bluu la baba yao,
lile ambalo nilikuwa bado sijaamua kuligawa.
Namwona akikata uzi kwa meno.
Sisemi kitu.

Kadi haifungiki tena. Hakuna bahasha ya kuitosha.
Kesho alfajiri nitampa kondakta wa basi la Ngudu
nimwombe, kwa jina la mama yake, asiikalie.

Wamelala. Gundi imekauka kwenye nywele zao.
Mvua inaosha mawe nje, na mnyororo unatikisika kidogo:
kilo mia nne, kilo mia nne.
Nafumba macho nami niisome,
lakini vidole vyangu, miaka tisa ndani ya barafu,
huweza kung'oa mwiba kwenye mnofu
bila kujua vimeshika nini.
Vinapita juu ya unyoya, juu ya pamba,
kama vinapita juu ya meza.

Nainua kadi. Nailaza shavuni.
Hapo ndipo kinapokuja: kwanza ubaridi wa kifungo,
halafu mkwaruzo wa magamba, halafu harufu,
ziwa, muhogo, jasho la mtoto,
na lile harage la juu
linaniangukia mapajani.