Vidole Viwili

Saa saba usiku, Barabara ya Lunga Lunga.
Chini yangu tanuri linakoroma;
juu hapa, katika ofisi iliyokuwa stoo ya glavu,
feni ya kompyuta inalijibu.

Nimemwaga chembe elfu kumi
katika chuma kisichomuunguza mtu.
Ni chuma cha hesabu: kina uzito, kina mnato,
kina joto la nyuzi elfu moja mia tano na arubaini,
nami nakigusa kwa kidole kwenye kioo,
kidole kinatoka kizima,
kimeacha alama ya mafuta ya mandazi.

Katika ripoti naziita chembe zisizotakiwa.
Nyangweso huziita mavi ya chuma,
hata mbele ya mkaguzi.
Nyingine zilikuja na vyuma chakavu:
mlango wa choo kutoka Mukuru, springi ya lori,
chaga za kitanda cha ndoa iliyovunjika.
Nyingine tulizizaa wenyewe,
tulipotupa alumini ndani inyonye oksijeni.
Dawa iliponya, ikaacha mashapo.

Kubwa hazinisumbui.
Kubwa zina haraka: hupanda,
hukutana na utando wa juu, hunaswa, basi.
Ndogo ndizo.
Ndogo hazina safari yao, hupelekwa.
Huzunguka pembeni mwa beseni, hushuka koo la udongo,
huingia kalibuni,
na chuma huganda kimezikumbatia.

Wahenga walituonya kuhusu ufa.
Chembe hawakuitaja.
Hawakuwa na darubini.

Saa tisa stima ikapotea.
Kisanduku cha betri kikalia kama kifaranga, mara nne,
kikanyamaza.
Jenereta hulisha kwanza pampu za maji ya kupozea tanuri;
ofisi ni ya mwisho, baada ya taa ya lango.
Nilikaa gizani na elfu kumi zangu,
sikuwa nimehifadhi kitu tangu saa sita.

Iliporudi nilianza upya, kwa mbegu ile ile.
Kompyuta hupiga bahati nasibu kutoka kwa mbegu:
ukiipa namba ile ile, bahati hurudi ile ile,
kila chembe na kona yake.
Nilifikiri juu ya hilo kwa muda kuliko ilivyofaa.

Asubuhi, jibu: thelathini na moja
zimejificha kona ya kushoto.
Nyangweso akaleta kipande, kimekatwa, kimesuguliwa
hadi nikaona meno yangu ndani yake.
Kona ya kushoto: safi, kama sahani iliyolambwa.
Vidoti vyeusi vyote vilikuwa kulia.

"Mashine yako ni ya mashoto," akasema.

Nikakagua mnato. Nikakagua kasi.
Nikapunguza urefu wa hatua, nikaongeza vijisanduku,
nikaishuku hata mvutano wa dunia.
Yeye anakunywa chai.
Halafu, kama mtu anayetaja bei ya sukari:
"Ule ukuta wa beseni, tuliuziba Jumanne.
Umelala kidogo."
Kidogo kiasi gani?
Akainua cha shahada na cha kati, vimebanana,
kucha moja nyeusi tangu mwaka juzi.
"Hivi."

Nikachukua rula.
Nikapima vidole vya Nyangweso juu ya meza yangu,
milimita thelathini na nane,
naye akavituliza kama mtoto anayekatwa kucha.

Nikaulaza ukuta.
Chembe zikafika mahali pale,
zikasita (sijui kama hesabu husita),
zikageuka kulia, moja, tatu, kundi zima,
zikaenda kukaa pale pale zilipokutwa na darubini.

Tulipaswa kushangilia.
Alinipiga bega, nami nikacheka,
kisha nikahesabu siku kwa vidole vyangu mwenyewe.

Na nondo za Jumatano?

Akatazama nje, langoni,
ambapo mlinzi alikuwa akifagia kutu.
"Lori liliondoka siku ile ile. Utawala.
Ghorofa sita, nadhani."

Kioo kilikuwa bado kinacheza,
chembe zikipita, zikipita.
Nikaomba kalamu,
nikaandika namba ya lori kiganjani.